Siku Baba Alipojitoa Mwenyewe

Harufu ya mafuta ya kitani haitoki upesi. Ukiyapaka kwenye mbao asubuhi, jioni bado yamo vidoleni, yamo kwenye pazia, na kama huna bahati yamo hata kwenye wali. Mwezi uliopita binti yangu Salma alinunuliwa gongo lake la kwanza la kriketi, kwa kuwa amechaguliwa timu ya skuli, akakaa nalo barazani kwetu Ansab, hapa Maskati, akilipaka mafuta kwa kitambaa, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Harufu ile ilipita juu ya vitunguu ikanifikia, na mkono wangu ukasimama. Mara nikawa na miaka kumi tena, nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa uwanja wa changarawe kule Wattaya, nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu, namwomba Mungu baba yangu asiuawe.

Naona mnatabasamu. Kriketi na kuuawa wapi na wapi? Basi hamjawahi kuushika mpira wake. Ni mgumu kama kokwa, umeshonwa kwa ngozi, na mtu mwenye nguvu akiurusha unavuma. Nami siku ile nilikuwa najua jambo ambalo nilidhani halijui mwingine yeyote pale uwanjani, nalo ni kwamba baba yangu haoni.

Nikujuulisheni kwanza na mtu mwenyewe. Baba alikuwa na duka la vipuri vya magari, nyuma ya yale maduka makubwa ya vioo yanayouza magari mapya. Watu walinunua gari mbele kwa mbwembwe, na baada ya miaka michache wakaja kwetu nyuma kwa unyonge. Alisifika kwa jambo moja. Kuna kipuri cha asli, kilichotoka kwa mtengeneza gari mwenyewe, na kuna cha tijari, cha kuigiza, na maboksi yao yanafanana kama mapacha. Mteja hajui. Baba alikuwa akimwambia kabla hajaulizwa: "Hii tijari. Itakufikisha Sohar, lakini Salala usiende nayo." Ammi Hilal, mdogo wake na mshirika wake dukani, akisikia hivyo hushika kichwa kwa mikono miwili.

Mapenzi yake mengine yalikuwa kriketi. Jamaa zetu waliona kichekesho, Mmanga mzima na ndevu zake anashindana juani na Wahindi na Wapakistani kila Ijumaa asubuhi, badala ya kulala kama waungwana. Lakini kriketi kwetu ilikuwa ya ukoo. Baba aliitoa Unguja utotoni, na kule ilianzia kwa babu wa babu yake, aliyekuwa na duka la karafuu Chake Chake, Pemba, zama za masultani, akajifunza mchezo ule kwa makarani na maafisa wa meli waliokuja kupima mzigo. Mzee yule hatuna picha yake. Tuna kisa chake kimoja tu, na kisa hicho sisi watoto tulinyweshwa pamoja na maziwa.

Ilikuwa hivi. Kwenye kriketi mpira ukiligusa gongo lako ukadakwa na anayesimama nyuma yako, umetoka, hata kama uliligusa kama unyoya. Mguso wenyewe huwa mdogo, mwamuzi anaweza asiusikie. Siku moja mpira ulimgusa mzee wetu hivyo, ukadakwa, na mwamuzi akamwambia aendelee kucheza. Yeye akalitia gongo kwapani akaondoka. Afisa mmoja akamuuliza kwa nini unajitoa na hujatolewa. Akajibu, "Mimi mtu wa duka. Singoji kuambiwa nililolifanya." Wakati wa Baba, watu wengi uwanjani waliona kujitoa ni ujinga, kwa sababu mwamuzi akikukosa ni riziki yako. Baba aliendelea kujitoa. Ikafika hadi waamuzi wakawa hawajisumbui kutega sikio, wanamtazama yeye usoni. Wenzake walimnunia siku mbili tatu, kisha wakamwamini zaidi, na wengi wao wakawa wateja.

Sasa kuhusu macho. Kila mchana nikitoka skuli nilishuka dukani kumsubiri anipeleke nyumbani, maana tulikuwa tukikaa Darsait. Nikaanza kuona mambo. Alikuwa akinipa maboksi nimsomee nambari, akasema eti ananizoesha hesabu. Akipita kwenye rafu, bega lake la kushoto linagonga. Siku moja alimimina kahawa, akaimimina nje ya finjani, taratibu kabisa, kwa adabu zote, juu ya meza. Aliposikia inachuruzika sakafuni ndipo akajua. Nilimtazama, naye akajua kuwa nimeona.

"Jicho hili la kushoto limechoka," akaniambia. "Usimwambie mamako. Na usimwambie Ammi Hilal, ana mdomo kama redio."

Nikamuuliza kwa nini asende hospitali. Akasema atakwenda, baada ya mashindano. Kisha akaniambia neno lililonikosesha usingizi: soko hili likijua mwenye duka haoni, kila boksi la tijari litaingia kwetu likijiita asli, na jina lake aliloliweka miaka yote litakwisha kwa msimu mmoja. Nikaelewa. Nilikuwa mtoto wa duka.

Lakini kilichonitisha kilikuwa mpira. Mtu anayepiga kwa mkono wa kulia husimama ubavu, bega la kushoto likielekea kwa mrushaji. Jicho la kushoto ndilo la mbele, ndilo linaloupokea mpira. Na fainali ya mwaka ule wafanyabiashara wa Wattaya walikuwa wakutane na vijana wa magereji, na vijana wa magereji walikuwa na Imran.

Imran alikuwa fundi wa giaboksi kutoka Pakistani, mrefu, mpole, anayeinamisha kichwa akipita mlangoni kwetu kununua vipuri, na anayeniita dada mdogo. Akishika mpira upole wote unabaki kwenye soksi. Wiki iliyotangulia alimvunja mtu taya, akalia yeye zaidi ya aliyevunjwa. Ningemwambia Baba asicheze, lakini Ammi Hilal alikuwa amekwishatangaza soko zima kuwa kaka yake ndiye atakayesimama mbele ya Imran, maana mwingine hawezi. Baba akikataa, watu watauliza kwa nini. Hilo ndilo lililonikaba. Akicheza huenda akauawa, na asipocheza wataijua sababu.

Ijumaa yenyewe ilianza na joto lililokuja mapema kuliko wachezaji. Uwanja ulikuwa changarawe na vumbi, katikati ukanda wa saruji uliotandikwa mkeka wa kijani, na milima mikavu imetuinamia pande zote kama watu wanaosikiliza ugomvi. Ilikuwa lazima mchezo uishe kabla ya sala ya Ijumaa. Mimi nilikaa karibu na meza ya wanaohesabu, chini ya mwavuli, ubavuni mwa mkeka hasa, nikaona kila kitu. Laiti ningekaa pengine.

Mama alibaki garini, kama kawaida yake. Alikuwa hapendi kriketi, na hakuficha. "Wanaume wazima," akisema, "wamesimama juani wanangoja kupigwa na kitu." Alikuja kwa sababu ya chakula tu, maana bila yeye Baba angekula sambusa za barabarani. Gari letu jeupe liliegeshwa mahala pale pale kila Ijumaa, ubavuni mwa uwanja upande wa pili, vioo vimefungwa, kipoza hewa kinanguruma, naye ndani anashona kofia. Ile kofia ilikuwa mzaha wetu wa nyumbani. Mama alikuwa fundi, nyumbani akimaliza kofia nzima ya nakshi kabla mwezi mwingine haujaandama. Ile ya garini niliiona miaka, haijafika hata nusu.

Wafanyabiashara walihitaji alama chache tu kushinda, lakini waliokuwa wazuri walikwishatoka, na Imran alikuwa amerudishwa kurusha. Baba akainuka. Alivaa pedi, akavaa glavu, akachukua gongo lake lililokuwa likinukia mafuta ya kitani. Kofia ngumu yenye wavu akaikataa. Aliwaambia inambana. Mimi nilijua kuwa wavu ule utamziba na kile kidogo alichobakiwa nacho. Akatoka na kofia ya kitambaa. Aliponipita alinigusa kichwani, mkono ukateleza ukaniangukia sikioni, kwa kuwa alikosea kichwa kilipo.

Mpira wa kwanza uliligonga gongo lenyewe bila ya yeye kulisogeza, nadhani. Watu wakapiga makofi. Ammi Hilal akasema, "Mnaona ukuta huo?" Mimi nilikuwa naona Baba anageuza kichwa huku na huku, akitafuta mpira umekwenda wapi.

Wa pili siutaki kuukumbuka, na ndio ninaoukumbuka zaidi. Imran alikuja mbio, vumbi likamfuata, na mpira ukadunda kwenye mkeka ukapanda. Ulipita baina ya sikio la Baba na bega lake. Hakuinama wala hakupepesa. Alikuwa amesimama vile vile, anausubiri, na mpira ulikwishafika mikononi mwa mdakaji nyuma yake. Kofia ya kitambaa ilicheza kidogo kwa upepo wake.

Uwanja mzima ulishangilia. Wazee wakasema mashallah, moyo wa chuma huo, hata hakutikisika. Ammi Hilal alisimama juu ya kiti, na kiti kile hakikuumbwa kwa ajili yake. Imran mwenyewe alitikisa kichwa kwa heshima. Na katika watu wote wale mimi peke yangu nilijua kuwa kile wanachokishangilia si ushujaa. Hakuinama kwa kuwa hakuona cha kukiinamia. Nilitaka kumwita. Ningemwitaje? Ningesema nini mbele ya soko zima?

Hapo mlango wa gari ukafunguka, Mama akashuka. Hakuwa na kawaida ya kushuka kabla ya chakula. Alisimama mbele ya gari juani, buibui jeusi mbele ya gari jeupe, mikono imening'inia. Nikadhani kipoza hewa kimeharibika. Nikakasirika, nikajisemea kwamba Mama hachagui wakati.

Baba alikuwa akizungukazunguka penye mkeka, analigongagonga gongo chini kama wafanyavyo. Akainua uso upande wa magari, akautuliza hapo. Kisha akarudi akasimama.

Wa tatu uliletwa kwa kasi ile ile, lakini ulikwenda pembeni, mbali na mwili. Baba alinyoosha gongo. Mimi nilikuwa ubavuni, na jua lilikuwa nyuma yangu, na macho yangu yalikuwa ya miaka kumi. Baina ya gongo na mpira kulikuwa na nafasi ya kiganja kizima. Mdakaji akaudaka, akaanza kuurudisha bila ya neno. Imran alikwishageuka. Mwamuzi, mhasibu mmoja wa Kihindi mwenye kofia kubwa, alikuwa anapangusa miwani. Hakuna aliyedai kitu.

Baba akalitia gongo kwapani. Akavua glavu ya kulia, akampungia mwamuzi kwa adabu, akaanza kutoka.

Mwamuzi akamwambia kwa Kiingereza kwamba hakutolewa. Baba akajigusa kifua, akasema, "Uligusa," akaendelea kuja, polepole, akiufuata ukingo wa mkeka kwa mguu. Imran akamkimbilia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akauinamia, akamwambia kwa Kiarabu chake cha sokoni kwamba hajapata kuona mtu kama yeye. Wachezaji wa magereji wakajipanga wakampigia makofi hadi nje. Waliomfuatia Baba hawakufua dafu, na timu yetu ikafungwa. Ammi Hilal alikaa chini ya mwavuli na taulo usoni, hasemi, jambo ambalo halijawahi kutokea tena maishani mwake.

Nilifurahi Baba yu hai, wallahi nilifurahi hadi machozi. Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani, na mwiba ulikaa. Baba alisema uongo. Yule ambaye hawezi kumuuzia mtu tijari kwa jina la asli alisimama mbele ya watu wote akasema uligusa, na haukugusa. Na kisa kikazagaa. Msimu ule wateja walikuja kutoka Barka, kutoka Seeb, wakasema tumeambiwa hili ndilo duka la yule mtu aliyejitoa. Kila sifa ilinichoma. Nilijiambia aliogopa, na kwa kuogopa akalivaa lile joho la babu wa babu yake ili watu wasione magoti yake. Sikumchukia, ila nilimwekea kinyongo kidogo, kile cha mtoto aliyemwona baba yake mkubwa mno kisha akamwona wa kawaida. Mimi nina kinyongo cha kukaa, wanangu watawaambieni.

Siku chache baadaye Mama alimpeleka hospitali ya macho. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwishakwenda, la kulia wakaliwahi. Baba hakushika gongo tena. Soko lilipojua kuhusu macho yake, mimi nilikwishakuwa mtu mzima, nakaa naye dukani, na hakuna aliyethubutu kutuletea boksi la uongo. Akaishi miaka mingi, akasoma msahafu wake kwa jicho moja, akafa kitandani kwake usingizini. Sikumuuliza hata siku moja.

Sasa nirudi jikoni kwangu Ansab, vitunguu vimekwishaungua. Mama anaishi nasi siku hizi, miguu haimchukui mbali. Sauti yake ikatoka chumbani.

"Nani huyo anapaka gongo?"

"Salma, Mama."

"Mwambie asitie mengi, litakuwa zito. Marehemu alikuwa akipaka mara nyingi, kidogo kidogo."

Nikaenda nikasimama mlangoni. Mwanamke huyu alikuwa akituapia kuwa hajui gongo mbele yake wapi nyuma yake wapi. Nikaketi kitandani pake, na bila ya kupanga nikajikuta nasema lile nililolibeba tangu utotoni.

"Mama, siku ile ya Imran. Ule mpira haukugusa."

"Haukugusa," akasema. "Nnajua. Nilikuwa nnaangalia."

Akaniambia, huku akinyoosha shuka, kuwa alijua habari za jicho tangu Ramadhani iliyotangulia, siku Baba alipoitolea salamu kanzu iliyotundikwa mlangoni akangoja ijibu. Alinyamaza, kwa kuwa mwanamume anayeficha kitu ukimfichua kabla ya wakati wake hukasirika akapotea zaidi. Lakini alfajiri ya Ijumaa ile, Baba akitia udhu, alimwendea. Alimwambia sikukatazi kwenda. Mpira wa mwanzo usiouona, toka, mimi sitaki kuletewa mume juu ya mlango kama maiti. Baba akamuuliza, nitatokaje mbele ya watu bila ya sababu? Na nitajuaje kuwa sikuuona, ikiwa sikuuona?

"Nikamwambia, mimi ntakuonea. Ukiniona nimeshuka garini, ujue umepita na wewe huna habari. Nitavaa buibui nisimame mbele ya gari jeupe, hilo utaliona. Namna ya kutoka utaijua mwenyewe, wewe si mtu wa duka?"

"Na akakubali?"

"Akanipa mkono. Kama anavyowapa wateja."

Nikamuuliza ilikuwaje akaweza kuona mpira ule kutoka garini, mbali vile, mtu asiyependa mchezo. Alinitazama kama ninavyomtazama Salma anapouliza chumvi iko wapi na ameishika mkononi. Akaniambia nifungue sanduku lake. Chini, ndani ya mfuko wa nailoni, ilikuwapo ile kofia, nusu yake nakshi na nusu yake kitambaa kitupu, sindano bado imo na imeshika kutu. Miaka yote ile ya Ijumaa, alikuwa akiishika tu mkononi.

Nilikaa nayo mapajani, mimi niliyejidhania mtoto mwenye macho. Nilimwona Baba anasema uongo kwa watu mia, na kweli ulikuwa uongo. Sikuona kuwa dakika ile ile alikuwa anatimiza neno kwa mtu mmoja, aliyesimama juani kulidai. Kinyongo changu chote kilikuwa kimesimama upande mmoja wa uwanja. Nililia, na Mama akaniacha nilie, kisha akasema vitunguu vinanuka.

Nilipofika mlangoni akaniita tena.

"Mechi ya mtoto lini?"

"Ijumaa ijayo, Mama. Lakini kuna joto, na miguu yako..."

"Nitakaa garini," akasema. "Nitafutie uzi na sindano mpya. Na mwambie mumeo asiliegeshe nyuma ya watu kama anavyofanya siku zote. Aliweke ubavuni."